Pua ya Gari

Tulilinunua likiwa na harufu ya watu wengine:
sabuni ya mbali, sigara moja ya zamani,
na sauti ya mwanamke kwenye dashibodi
aliyetusalimu kwa Kijapani kila asubuhi
hapa Nkuhungu, mbele ya banda la kuku.
Mama mkwe alimwitikia: "Marahaba, mwanangu."

Ni haibridi. Linaondoka kimya kama mdaiwa.
Kuku walichukua wiki kulizoea;
mmoja hakumaliza wiki.
Na kwa kuwa injini haingurumi
tulisikia kila kitu kingine:
mlango wa kushoto ukitafuna ulimi wake,
siti ikiguna kwenye kona ya Sabasaba,
na sisi wenyewe, tusivyo na la kusema.

"Tulitengeneze ndani," nikasema Jumamosi,
Ndahani akiwa zamu Mtera.
Fundi wa Majengo alitaja bei.
Nikamwambia asante, nikaenda kununua uzi.

Malogo, miaka kumi na minne, akashika bisibisi.
Plastiki ya mlango haifunguliwi kwa hasira:
tulikiviringisha kisu cha mezani kitambaa,
tukaingiza, tukasikiliza. Tak.
Klipu ya kwanza ilivunjika. Ya pili nayo.
Kwenye ya tatu akaniambia, "Mama, vuta pumzi kwanza."
Tulijaza mlango kwa sponji ya godoro lake la utotoni,
lenye ramani za mikojo yake.
Akaona aibu. Gundi ikaficha.

Cherehani ikatoka stoo. Mdogo wangu Matika
akavisha siti za nyuma ngozi bandia, rangi ya zabibu mbivu,
akazungusha mshono mweupe, akavuta,
akaziba kila mwanya, kila ufa,
hata lile dirisha dogo lenye vijiti
ubavuni mwa siti, ambalo hakuna aliyejua kazi yake.
"Kuna mtu aliacha tundu," alisema. "Mimi siachi."

Jumapili tukaenda Hombolo kama wageni
ndani ya gari letu. Hakuna mlango uliosema.
Mama mkwe aliipapasa siti
kama anayekagua ng'ombe wa mahari.
Saa saba mchana ikawaka taa nyekundu, pembetatu,
na yule mwanamke akasema jambo refu
kwa sauti ya muuguzi asiyetaka kukutisha.
Tukaegesha. Kivuli pekee kilikuwa cha gari lenyewe,
tukakigawana.

Usiku, kwa mwanga wa simu, ndipo nikasoma:
betri inakaa chini ya siti. Ina feni.
Inavuta hewa ile ile tunayovuta sisi,
kwa lile dirisha dogo.

Sikumwamsha Matika. Nilichukua wembe,
nikafumua mshono wake mzuri, hatua kwa hatua,
nikatoa chujio. Vumbi la Dodoma
lilikuwa limeshikana kama blanketi la panya,
jekundu, zito, na ndani yake
unywele mmoja mrefu, mweusi, ulionyooka,
ambao si wa yeyote nyumbani kwetu.
Nilisugua kwa mswaki wa Malogo.
Sijamwambia.
Nikaacha tundu la mraba, kingo zimechanika, baya.

Ndahani alirudi Ijumaa. Akalizunguka, akaingia,
akafunga mlango mara tatu, akisikiliza.
"Na hapa mmefanyaje?" Akaonyesha tundu.
Mama mkwe alikuwa tayari anavuta gunia lake la uwele
kulipeleka upande wa pili.
"Hiyo ni pua," alisema. "Usiiwekee kitu."

Kwenye dirisha la jikoni imebaki klipu moja.
Malogo anaapa haikutoka kwetu.
Kila nikiosha vyombo naitazama,
nasubiri kusikia, huko barabarani,
ni kitu gani kitaanguka.